Je, Wajua? Mambo ya Presha na Wazee Wetu

Kuna mahali presha ilishuka uzeeni
Mwaka 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000 wa eneo la Kisii, Kenya. Presha zao hazikupanda kwa umri; kwa waliovuka miaka 60 zilielekea hata kushuka! Miongo sita baadaye, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Ndani ya miezi michache presha zao zilikuwa zimeanza kupanda, na vipimo vya mkojo vikaonyesha kwamba chumvi mwilini nayo imeongezeka. Basi anayesema "presha ni uzee tu" hajasikia habari za Kisii.

Hai, saba kwa kumi
Sasa vuka mpaka, uje chini ya Mlima Kilimanjaro. Karibu mwaka 2010, wazee zaidi ya 2,200 wa vijiji vya wilaya ya Hai, wote wenye miaka 70 na kuendelea, walipimwa. Takriban saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Presha haiumi, ndiyo hatari yake.

Dawa iliyotoka kwa nyoka
Sumu ya jararaca, nyoka wa Brazil, huporomosha presha ya aliyeumwa. Mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, aliichunguza sumu hiyo katika miaka ya 1960, na kazi yake ikafungua njia ya kupatikana kwa captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalapril na lisinopril, vidonge ambavyo babu huenda anavimeza kila asubuhi, ni vya ukoo huohuo.

Miaka 80 bado si kuchelewa
Zamani madaktari wengi waliogopa kuwapa wakongwe dawa za presha. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya jaribio la HYVET, lililohusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa, vifo vilipungua kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 64. Faida hiyo ilionekana upesi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake.

Twiga hapati kizunguzungu
Presha ya twiga ni kama mara mbili ya yetu. Huinamisha kichwa mpaka majini, kisha hukiinua mita kadhaa juu bila kuanguka, na ngozi ya miguu yake inabana kama soksi ili damu isituame chini. Mzee hana ngozi hiyo. Akisimama, namba ya juu ya presha yake inaweza kushuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, hasa akiwa kwenye dawa, na hapo ndipo watu huvunjika nyonga. Bibi anayeamka kwa sala ya alfajiri akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke. Na zahanatini apimwe pia akiwa amesimama; tuliombe hilo, maana husahauliwa mno.

Kibofu kilichojaa hudanganya mashine
Kuongea, kukunja nne, kubanwa na mkojo, mkanda mdogo kwa mkono mnene: kila kimoja hupandisha namba. Kabla ya kupimwa, mzee apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo.

Chumvi ya vijiji 600
Nchini China, watu wapatao 21,000, wengi wao wazee, waligawanywa kwa vijiji. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14, na sufuria zilikuwa zilezile! Ila mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Kidonge cha goti
Diclofenac na ibuprofen, wanazonunua wazee wengi kwa maumivu ya viungo, hupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa zake. Siku ya kliniki, mpelekeeni daktari mfuko mzima wa dawa, zikiwemo zile za duka la jirani. Huenda dozi ya presha inaongezwa kila mwezi kumbe chanzo ni kidonge cha goti.