Tundu la Moyo na Njia ya Paja

Mama wa Asiatique, mtaa huu wa Bujumbura ambamo Kiswahili kimetamalaki miongoni mwa maduka ya Wahindi na Waarabu, amwonapo mwanawe mchanga akitoka jasho kila anyonyapo, akihema upesi na kurudiwa na kikohozi, ilhali mwili haunenepi, aghalabu hudhani ni baridi ya kifua; kumbe huenda moyo umezaliwa na ila.

Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na ila ya namna hiyo. Mfano wake ni ule mshipa mfupi uunganishao mishipa miwili mikuu itokayo moyoni, ambao mtoto angali tumboni huipitisha damu kando ya mapafu yasiyoanza kazi, na ambao akishazaliwa na kuvuta pumzi hujifunga katika siku chache. Usipojifunga, damu huyafurikia mapafu.

Mwaka 1938, mjini Boston, tabibu Robert Gross aliufunga mshipa huo kwa uzi, naye hakuwa na budi kupasua kifua. Mwaka 1967, mjini Berlin, Werner Porstmann aliuziba kwa kupitia mshipa wa paja. Siku hizi mrija mwembamba huingizwa pajani na kuongozwa kwa picha za eksirei hadi moyoni, ukichukua kizibo kilichosukwa kwa nyuzi za nikeli na titani, ambacho hukunjwa kikapita, kisha kikifika mahali pake hukunjuka. Baada ya miezi kadhaa nyama hukifunika, na jeraha la nje halizidi alama ya sindano. Kazi hiyo hufanywa pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015.

Ila nyingine ni tundu katika ukuta wa moyo, nalo huzibwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini tundu kubwa mno, au lisilo na ukingo wa kukishika kizibo, lingali lataka kifua kifunguliwe. Fauka ya hayo, tundu kubwa likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa kishindo cha damu, hata kuliziba kukawa hatari kuliko kuliacha.

Kwa hiyo kikohozi kisichokwisha kisiishie kwenye dawa ya dukani. Mshipa ule usiojifunga aghalabu huvuma mfululizo kama mashine, na tabibu husikia kwa kuweka sikio la chombo chake kifuani mwa mtoto. Picha ya mawimbi ya sauti ndiyo ithibitishayo.