Mashine za kamari kwenye meli za kitalii: Mzazi, fahamu zinavyokula fedha za safari

Familia imejichanga mwaka mzima, tiketi za meli zimelipwa, chakula na malazi vimo ndani ya bei. Wengi wakifika hapo huamini matumizi makubwa yamekwisha. Kumbe ndani ya meli nyingi kubwa za kitalii kuna ukumbi mmoja ambao tiketi haikuugusa, nao ni kasino.

Familia za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani na Ulaya zimo miongoni mwa abiria wa safari hizi, na baadhi ya meli za kitalii hutia nanga hata Mombasa na Zanzibar. Mashine zinazojaza kasino hizo zinafanya kazi kwa namna ileile ya zile ambazo mitaani Tanzania huitwa dubwi. Tofauti ni taa, zulia na kiasi cha fedha.

Kwa nini hufungwa bandarini

Abiria wa mara ya kwanza hushangaa kukuta kasino imefungwa meli ikiwa bandarini. Sababu ni ya kisheria. Nchi yenye pwani ina mamlaka hadi maili 12 za baharini kutoka ufukweni, na nyingi hazitaki kamari ichezwe melini humo bila kibali chao. Meli ikitoka nje ya eneo hilo, inafuata zaidi sheria za nchi ilikosajiliwa, mara nyingi Bahamas, Panama au Malta.

Jambo hilo lina maana kwa mchezaji. Katika jimbo la Nevada, liliko jiji la Las Vegas, kanuni zinataka mashine irudishe kwa wachezaji angalau asilimia 75 ya fedha zinazochezwa. Meli iliyo bahari kuu haisimamiwi na bodi ya jimbo kama hilo. Abiria anayecheza huko hana njia rahisi ya kujua mashine iliyo mbele yake imepangwa irudishe kiasi gani.

Mashine haikumbuki

Mashine za zamani, kama zile zilizotengenezwa na Charles Fey mjini San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu matatu ya chuma yaliyozungushwa kwa mkono. Za leo ni kompyuta. Ukibonyeza kitufe, programu huchagua namba kwa kubahatisha na matokeo huwa yameshaamuliwa papo hapo. Picha zinazozunguka kwenye kioo ni maonyesho tu.

Ndiyo maana ile imani kwamba mashine “imeshiba, sasa itatema” haina msingi. Kila mzunguko unajitegemea. Mtu aliyepoteza mara 50 mfululizo hajasogea karibu na ushindi kuliko aliyekaa sasa hivi.

Chukua mfano huu. Mchezaji anaweka nusu dola kwa kila mzunguko na kubonyeza mara 10 kwa dakika. Kwa saa moja amebonyeza mara 600 na kuchezesha dola 300. Kama mashine imepangwa kubakiza asilimia 10, kwa wastani atapoteza dola 30 kila saa. Akicheza saa mbili kila usiku kwa usiku sita, hiyo ni dola 360, ingawa alianza akijiambia anachezea senti 50 tu.

Wapo watakaoshinda siku moja au mbili, na hao ndio watakaosimulia mezani wakati wa kifungua kinywa. Waliopoteza huwa kimya.

Kinachomshika mchezaji

Ubongo wa binadamu huvutiwa sana na zawadi isiyojulikana itakuja lini. Zawadi ya kila mara huzoeleka, lakini ile inayokuja bila ratiba humfanya mtu aendelee kujaribu. Mashine hizi zimejengwa juu ya tabia hiyo.

Kuna pia kukosa kidogo. Namba saba mbili zimejipanga, ya tatu imesimama hatua moja chini. Kihesabu huko ni kupoteza kama kupoteza kwingine. Lakini utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kukosa kwa namna hiyo huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na ushindi na kumwongezea mtu hamu ya kucheza tena.

Tatu ni ushindi wa uongo. Mtu anaweka dola moja, mashine inamrudishia senti 30, taa zinawaka na muziki unapigwa kana kwamba ameshinda. Ukweli ni kwamba amepoteza senti 70.

Melini kuna na kadi. Abiria hutumia kadi moja kufungulia mlango wa chumba, kununua vinywaji na, kwenye meli nyingi, kuchezea kamari. Deni linaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na baadhi ya kampuni hutoza ada juu yake. Mtu asiyeshika noti mkononi haoni zinavyopungua, na mwenzi wake anaweza kujua siku ya mwisho bili inapotolewa.

Inapokuwa ugonjwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Umo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili kuu ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kamari kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana wazi.

Nyumbani hali hiyo huonekana kwa mtu kuficha bili, kukopa bila maelezo, kukosa usingizi, kuwa mkali akiulizwa kuhusu fedha, na kurudi kucheza ili “kurudisha” alichopoteza. Kumgombeza mbele ya watoto hakusaidii. Matibabu yapo, hasa ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, na familia husaidia kwa kusimamia fedha wakati mgonjwa akitibiwa.

Wapo pia wazee wanaopaswa kuangaliwa kwa karibu. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, zikiwamo pramipexole na ropinirole, zinaweza kumletea mgonjwa hamu kali ya kamari ambayo hakuwa nayo awali. Babu au bibi anayezitumia na ghafla akaanza kuganda kwenye mashine anahitaji kuonana na daktari wake. Asiache dawa mwenyewe, kwa sababu kuziacha ghafla kuna hatari yake.

Fanya haya kabla ya kuondoka

Wenzi wakae chini na kukubaliana kiasi cha burudani kwa safari nzima. Anayetaka kucheza atenge fedha taslimu ambazo yuko tayari kuzipoteza, na zikiisha mchezo umeisha. Fedha hizo zisitoke kwenye ada ya shule wala kodi ya nyumba.

Mkifika melini, nendeni dawati la huduma kwa wageni mkaulize kama kadi zenu zinaweza kuzuiwa kutumika kasino. Ulizeni pia namna ya kuweka kikomo kwenye kadi za watoto. Angalieni akaunti ya chumba kila jioni badala ya kusubiri siku ya mwisho.

Kampuni za meli huzuia watoto kucheza kamari, na umri unaoruhusiwa huwa miaka 18 au 21 kutegemea kampuni na safari. Lakini mtoto huona taa na kusikia kelele anapopita. Mweleze kwa maneno mepesi: mashine hii imetengenezwa ili ibaki na sehemu ya fedha za watu, na anayecheza kwa muda mrefu hupoteza.

Mazungumzo hayo yanafaa hata kwa mzazi ambaye hajawahi kuona meli ya kitalii. Tanzania inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini dubwi linaweza kuwa limesimama kwenye duka ambalo mtoto hutumwa kununua chumvi. Chenji ikianza kupungua kila anapotumwa, muulize kwa upole, kisha nenda ukaongee na mwenye duka.