TUNDU LA TUMBO LINAPOPIGA KELELE

Mama, pengine ulipasuliwa juu ya homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, ao mtoto wako alizaliwa bila njia ya choo. Munganga alifungua tundu tumboni, choo kinapita pale. Kidonda kimepona. Lakini kuna neno lingine: tundu linapiga kelele. Watu wote wakinyamaza kwa maombi, lenyewe linalia pruuu! Wamama wengine, kwa haya, wanaacha kwenda kanisani na sokoni. Wengine wanaacha kula. Hilo ni baya kuliko kelele.

Juu ya nini linalia?

Kila mtu ana hewa tumboni. Njia ya nyuma ina msuli unaoifunga, kama kamba inavyofunga mdomo wa mfuko. Tundu halina msuli ule. Hewa ikifika, inatoka tu. Si kukosa adabu. Majuma ya kwanza kelele ni mingi, kwani utumbo ungali umevimba. Kisha inapungua.

Hewa ingine tunaimeza: kula mbio, kusema na chakula mdomoni, kunywa soda. Ingine inatoka kwa chakula chenyewe: maharagwe, kabichi, vitunguu, viazi vitamu. Pombe pia.

Ufanye nini?

1. Usikae na njaa. Utumbo mtupu unanguruma zaidi. Kula kidogo kidogo, mara mingi kwa siku.

2. Kula polepole, tafuna vizuri, mdomo umefungwa.

3. Usiache maharagwe kabisa, yanajenga mwili. Chagua tu wakati. Kama kesho asubuhi ni ibada, uyale kesho, ukisha kurudi nyumbani.

4. Ukisikia hewa inakuja, weka mkono juu ya nguo, pale kwenye tundu, ukandamize kidogo. Kukunja mikono tumboni kunatosha. Kikwembe kilichokunjwa mara mbili kinapunguza sauti, lakini usikikaze.

5. Mtoto mchanga umuweke begani abeue kila akiisha kunyonya. Usimwache alie muda mrefu, maana akilia anameza hewa.

Watu watasema nini?

Mwambie mbele mama anayekaa karibu nawe. Wengine wakigeuka kutazama, jibu bila woga: «Nilipasuliwa, tumbo langu linasema lenyewe.» Watacheka kidogo, kisha watasahau. Bwana wako naye umuonyeshe tundu na kumweleza. Haliambukizi mtu, na kuligusa polepole hakuumi.

Wakati gani kuogopa?

Tundu linalolia ni tundu linalofanya kazi. Uogope likinyamaza: hakuna hewa, hakuna choo, tumbo linavimba na kuuma, unatapika. Njoo hospitali siku ile ile, hata usiku. Njoo vilevile kama tundu, lililokuwa jekundu kama ndani ya mdomo, limegeuka jeusi.

Choo kikitoka kama maji, tena mingi, mwili unakauka upesi, zaidi kwa mtoto. Mpe maji ya sukari na chumvi: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kuja kwetu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Siku ya kliniki, uliza mwuguzi neno lolote juu ya tundu. Amekwisha kusikia mengi, hatakucheka.