Mbwa wa msasi: pua, upepo na kwale wa Ngoliba

Wengi wetu huku Pwani tukimwona mbwa, mkono mmoja hukusanya kanzu na wa pili hutafuta jiwe. Lakini wazee wetu ndio waliotuachia msemo kwamba msasi haogopi mwiba, na mara nyingi aliyemtangulia msasi miibani alikuwa mbwa wake. Leo nataka kueleza kazi moja ya mbwa niliyoiona Ngoliba, upande wa Thika, na kwa nini naona inatuhusu sisi Waislamu wa Pwani.

Ngoliba ni mbali, lakini si ugenini kabisa. Mto Athi unaopita pande zile na kuporomoka Fourteen Falls, karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, ndio huo huo unaoitwa Galana ukishuka Tsavo, na Sabaki ukimwaga maji baharini kaskazini ya Malindi. Ni nchi ya mashamba, nyasi ndefu na vichaka, na ndani yake wamo kanga na kwale. Mkulima akipanda mahindi leo, kesho kanga wameshafukua mbegu. Mwenyeji wangu mmoja kule anafuga mbwa aina ya spanieli, mfupi, masikio yameanguka, ambaye kazi yake ni kuwatoa ndege hao shambani.

Mbwa wa ndege wako wa namna mbili kubwa. Pointa akinusa ndege husimama ghafla kama sanamu, pua imeelekea kichakani, akangoja bwana wake afike. Spanieli hasimami. Yeye huingia kichakani na kumkurupusha ndege mpaka aruke. Anahitajika kwa sababu kwale hapendi kuruka. Akisikia hatari hujilaza chini, rangi yake ikafanana na udongo, au hukimbia kwa miguu chini ya nyasi. Unaweza kumpita hatua mbili usimwone.

Sasa, mbwa anamtafuta vipi? Kwanza kabisa kwa upepo. Spanieli aliyefunzwa hakimbii ovyo wala hafuati mstari ulionyooka. Huenda kombokombo mbele ya bwana wake, kushoto kisha kulia, uso ukielekea upepo unakotoka. Mabaharia watanielewa upesi: ni kama dau linalokwenda bisha. Chombo hukata upande huu, kikageuza, kikakata upande wa pili, na kila mkato kinasogea mbele. Mbwa naye kwa kila mkato anavuka vijia vipya vya harufu vinavyoletwa na upepo. Upepo ukiwa wa nyuma, mbwa mzoefu hutangulia mbele kisha hurudi akitafuta kuelekea kwa bwana wake, ili pua ipate upepo tena.

Pili ni pua yenyewe. Vipokezi vya harufu katika pua ya mbwa hukadiriwa kufika milioni 300. Vyetu ni kama milioni 6 tu. Tena mbwa akitoa pumzi, hewa hutokea kwenye mianya ya pembeni mwa pua, kwa hiyo haipeperushi harufu iliyoko mbele yake. Akiinua kichwa, anasoma harufu ya ndege mwenyewe inayopepea hewani. Akiinamisha, anafuata nyayo za ndege aliyekimbia. Asubuhi na jioni, ardhi ikiwa na unyevu, kazi huwa nyepesi. Adhuhuri jua likiwaka na ardhi ikikauka, hata mbwa hodari hubahatisha.

Tatu ni umbali. Mbwa huyu hufanya kazi ndani ya hatua thelathini au arobaini hivi kutoka kwa mtu, kwa kuwa asili ya kazi yake ni ya wawindaji wa bunduki, na ndege akiruka mbali zaidi ya hapo risasi haimfai kitu. Ukitaka kujua kwamba amekaribia, tazama mkia. Unatikisika kwa kasi, mwili unashuka, mizunguko inakuwa mifupi. Kisha anajitosa, na kwale anaruka kwa kishindo cha mbawa.

Na hapo ndipo penye mafunzo makubwa kuliko yote: ndege akiruka, mbwa anakaa kitako. Hamfukuzi. Damu yake yote inamwambia akimbie, lakini amefunzwa kungoja amri.

Nilipoliona hilo nilikumbuka darsa za chuoni. Katika Surat al-Maida, aya ya nne, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia tuliowafunza, nasi tumetaja jina Lake. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi waliweka alama za mbwa aliyefunzwa: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, akikamata hali. Mtume (s.a.w.) alimweleza Adiy bin Hatim kwamba mbwa akila, basi amejikamatia mwenyewe. Karne nyingi baadaye, mfunzaji wa spanieli shambani anapima kitu kile kile: utii kabla ya tumbo.

Hukumu ya najisi iko pale pale. Mate yake kwetu yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini najisi si uadui, na mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa katika hadithi kuwa ni ruhusa kuwafuga.

Vijana wasinielewe vibaya nao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa burudani na hata wa kitoweo. Kumtoa kanga shambani si sawa na kumtia chunguni. Atakayeingia msituni na mbwa na rungu ajue anakabiliana na askari wa KWS.

Na KWS hao hao wanao mbwa bandarini kwetu Mombasa, wakinusa pembe za ndovu ndani ya makontena. Ni pua ile ile na utii ule ule. Kwa hiyo mtoto wako akiokota jiwe kumpopoa mbwa aliyejipitia njia, mwambie alitue chini. Kama ameguswa na mate, maji yapo na udongo upo.