Mtoi amefunga choo? Usimchape, msaidie

Msee, kama uko na mtoi, ama sista huwa anakuachia wake akienda job, hii inakuhusu. Umemkuta dogo amejificha nyuma ya mlango, amebana miguu, uso umemwiva. Unadhani anasukuma. Kumbe anazuia!

Ishu huanza hivi: siku moja choo kilitoka kigumu, kikamuuma. Kesho yake akaogopa, akashikilia. Choo kikikaa tumboni, maji yake yananyonywa, kinazidi kukauka, na safari ijayo kinauma zaidi. Akienda chini ya mara 3 kwa wiki, tena kwa kilio, jua amefunga choo.

Noma ni hii: choo chepesi kinaweza kupenya kando ya kile kigumu, kikamchafua bila yeye kujua. Watu wanasema anaharisha, ama ni mchafu, anapigwa. Maze, hana makosa! Ukimchapa, ataogopa choo mara mbili.

Sasa ufanye nini? Anzia Marikiti: papai, embe, machungwa, mchicha. Asubuhi ya mahamri, mbaazi ziwe nyingi kuliko hamri, kwa sababu nyuzinyuzi ziko kwa mbaazi. Viazi karai na kachri za muhogo ziwe za siku mojamoja. Na hili joto la Mombasa linakausha mwili, kwa hivyo mpe maji mara kwa mara. Maziwa na chai zisimjaze hadi akatae chakula.

Akishakula, mkalishe chooni dakika 5 hadi 10, maana chakula huamsha utumbo. Kama ni choo cha kukalia, muwekee kigoda chini ya miguu isining'inie. Usimharakishe. Akijaribu tu, msifu.

Mafuta ya nyonyo, kipande cha sabuni huko nyuma, dawa za watu wazima: achana nazo, hata nyanya akisisitiza. Mchanga wa chini ya miezi 6 anyonye tu, hata maji usimpe. Asali ni mpaka apite mwaka 1.

Ukiona damu, tumbo limevimba, anatapika, ana homa ama anakonda, mpeleke hospitali. Hata bila hayo, kama wiki 2 zimepita na hali ni ileile, nenda. Daktari akimpa dawa ya kulainisha choo, usiikate siku ya kwanza mambo yakiwa poa. Utumbo uliovutika huchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi sawa.

Dogo hana kiburi. Anaogopa maumivu. Muondolee maumivu kwanza, woga utafuata.