Ukisema 'mkoko', umesema mti gani?

Hebu chukua kamusi yoyote ya Kiswahili iliyo karibu nawe utafute majina ya ndege: chozi, shore, kurumbiza, dudumizi. Mara nyingi utakutana na maelezo yanayoanza kwa "aina ya ndege" na, ukiwa na bahati, yakaongezwa rangi moja au mbili. Hamia kwenye miti nako utasoma "aina ya mti". Mwanakamusi hakudanganya. Lakini ukweli wa namna hiyo haumfai mtu aliyesimama chini ya mti wenyewe akitaka kujua ni upi.

Mimi si mwanabiolojia. Riziki yangu ni lugha, na kutazama ndege na miti ni uraibu tu wa siku za mapumziko. Hata hivyo, kila ninapotoka na daftari langu narudi na swali la kiisimu, na hakuna mahali swali hilo limenikaba koo kama kwenye mikoko ya Pwani.

Neno 'mkoko' lina kazi mbili. Kwanza, ni jina la jumla la miti yote inayoota kwenye tope la maji ya chumvi, pale maji yanapojaa na kupwa. Pili, ni jina la mti mmoja mahususi miongoni mwa hiyo, ule ambao wanasayansi huuita Rhizophora mucronata. Katika semantiki, uhusiano wa neno la jumla na maneno yaliyo chini yake huitwa hiponimia: 'ndege' ni neno la jumla, 'kunguru' na 'njiwa' yako chini yake. Ajabu ya 'mkoko' ni kuwa liko juu na chini kwa wakati mmoja. Si neno pekee la namna hiyo. Mkenya akikualika chai asubuhi, mezani utapata mkate, mayai, viazi vitamu na, naam, chai.

Kwenye chai hakuna hasara. Kwenye mikoko ipo. Pwani ya Kenya ina spishi tisa za miti hii, na kila moja ina mahali inapopapenda. Kiongozi akipanda jukwaani na kusema "twendeni tukapande mikoko", msikilizaji ana haki ya kuelewa mkoko ule mmoja. Isitoshe, mkoko huo unarahisisha kazi: mbegu zake huota zingali mtini, zikaning'inia kama vidole virefu vya kijani, na kupanda ni kuzichomeka tu topeni. Katika nchi nyingi za joto, shughuli za upanzi zimeelemea mti huo kwa sababu hiyo, hata mbele kabisa kwenye mawimbi, ambapo si kwao. Miche mingi hufa. Silaumu lugha peke yake, ila lugha ina mkono wake humo.

Na kusema kweli, Kiswahili hakijapungukiwa na majina. Wakataji wa boriti, wavuvi na mafundi wa majahazi waliitenga miti hii zamani kwa sababu kosa lingewagharimu. Upo mkoko, ambao wengine huuita mkaka. Upo mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Hesabu: ni tisa kamili. Ukitaka kuiona kwa macho, nenda Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako kikundi cha akina mama kimejenga njia ya mbao inayokupitisha juu ya tope katikati ya miti. Gazi ndiko pia uliko mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa mwaka wa 2013, ambao hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo.

Sasa, mtazamaji asiye na shahada ataitofautishaje? Aanze chini. Majani ya miti hii karibu yote ni mazito na ya kung'aa, yatakuchanganya, mizizi haikuchanganyi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa topeni vijiti vingi vyembamba vilivyosimama wima, utadhani mtu amepanda penseli. Mlilana nao hutoa vijiti, lakini vyake ni vinene chini na vimechongoka juu. Mizizi ya muia hujikunja ikatokeza kama magoti. Ya mkomafi hutambaa kama mbao nyembamba zilizosimamishwa kwa ubavu, zikipinda huku na huku mithili ya nyoka.

Ukimaliza mizizi, geukia mbegu na matunda. Tunda la mkomafi ni duara kubwa, na ndani yake mbegu zenye pembepembe zimebanana kiasi kwamba ukizitoa, kuzirudisha zilivyokuwa si mchezo. La mlilana ni bapa kidogo na hukalia kikombe chenye ncha kama nyota. Jani la mchu lina weupe upande wa chini, na mara nyingi utaona chembe za chumvi juu yake. Liguse kwa ulimi uhakikishe.

Kimo usikitegemee. Mchu ni mfano mzuri: upande wa bahari huwa mti mkubwa, na upande wa bara, kwenye tope lenye chumvi kali, ukabaki kijiti cha kufika kiunoni. Mtu anaweza kuapa kuwa ni miti miwili tofauti. Mlilana ndio hutangulia mbele kabisa kuelekea baharini, ilhali msikundazi hupenda palipo na maji baridi yanayotoka mitoni.

Majina yenyewe yana mitego, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata raha yake. 'Kikandaa' lina kiambishi ki- cha udogo, hivyo mtu atadhani ni mkandaa mchanga. La hasha. Kikandaa ni Lumnitzera racemosa, mkandaa ni Ceriops tagal, na hata familia zao za kisayansi ni tofauti. Kinyume chake, mkandaa, muia na mkoko, ambayo majina yake hayafanani hata kidogo, ni ya familia moja. 'Dume' katika 'mkomafi dume' nalo halihusu jinsia. Katika majina ya miti, neno hilo mara nyingi lina maana ya "unafanana na ule, lakini sio". Kisha kuna tofauti za mahali: muia wa huku ni msinzi kwingine. Ndiyo maana katika daftari langu kila mti una safu tatu: jina nililopewa na mwenyeji, mahali nilipopewa, na jina la kisayansi nililolithibitisha baadaye kitabuni.

Siku hizi kuna programu za simu, kama iNaturalist, ambazo hupokea picha na kukupa jina. Nazitumia. Lakini ukiipiga picha jani moja la kung'aa, simu hubahatisha kama mgeni yeyote. Ipe mzizi, ua na mbegu.

Rai yangu kwa wanaotunga kamusi ni nyepesi. Wamtume mtu Gazi au Lamu maji yakipwa, akiwa na kalamu na mwenyeji anayeijua miti. Kidahizo 'mchu' kisomeke hivi: "mti wa maji ya chumvi wenye mizizi inayotokeza topeni kama penseli na majani meupeupe upande wa chini, Avicennia marina." Na chini ya 'mkoko' ziwekwe fahili mbili zilizotenganishwa kwa nambari: 1, mti wowote wa jamii ile, 2, ule wenye miguu ya buibui.