Taarab Asilia Imefufuka, Lakini Itakwenda Mpaka Lini?

Kila mwaka tunaambiwa taarab asilia imefufuka. Sawa, tumefurahi. Suali langu ni moja: muziki ukifufuka huwa unaishi miaka mingapi? Tupige hesabu, maana tarehe zipo.

Wimbi la kwanza: santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi taarab kwa Kiswahili. Santuri zikauzika pwani nzima na kampuni zikawa zinagombania waimbaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa dunia ukaanguka, wanunuzi wakapungua, kampuni zikakunja virago. Yaani miaka kama mitatu minne tu, basi.

Wimbi la pili: wafadhili na matamasha. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA) kilianza Unguja mjini mwaka 2002. Sauti za Busara ikaanza 2004. Mwaka 2005 Bi Kidude akapewa tuzo ya WOMEX, bibi ambaye dunia ilimjua akiwa tayari mzee. Tukasema hapo sasa! Lakini Bi Kidude akafariki Aprili 2013, tamasha la 2016 halikufanyika kwa kukosa pesa (likarudi 2017), na 2019 chuo kikatangaza kwamba kinaweza kufungwa kwa sababu wafadhili wakubwa wameondoka. Kilinusurika, alhamdulillahi. Lakini hesabu inabaki pale pale: kutoka 2002 mpaka 2019 ni miaka 17.

Sasa angalieni upande wa pili. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905. Culture Musical Club ilianza 1958. Wamepita vita, mapinduzi, redio, kaseti mpaka simu za mkononi. Siri ni nini? Ni vilabu vya wanachama. Watu wanakutana jioni kufanya mazoezi, wanachangiana, wanapiga kwenye maarusi. Na ipo tunza: wimbo ukimgusa mtu anainuka mwenyewe, anakwenda na noti yake mpaka kwa mwimbaji. Pesa ile ni ndogo, lakini haina tarehe ya mwisho kama mradi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ufufuo unadumu kwa muda ule ule wa pesa inayoulisha. Pesa ikitoka nje, siku ikikatika na muziki unayumba. Ikitoka kwa wasikilizaji, unaendelea.

Lakini kuna mtego hapa. Nyimbo zinaweza kuishi na ala zikafa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, kuitia sauti tu ni kazi, na kuijua ni miaka. Kinanda cha umeme mtu mmoja anakipiga na kinatoa sauti ya fidla, nai na ngoma. Ndio maana miaka ya 1990 rusha roho ilienea haraka hivyo. Watu walibaki na mipasho, wakatunza vile vile, lakini mpiga kanuni alikaa nyumbani. Pesa ya arusi peke yake haimfundishi mtoto kanuni. Hapo ndipo skuli ya muziki inapohitajika, na hapo ndipo serikali na wafadhili wangesaidia kweli: ala na walimu kwanza, jukwaa baadae.

Sisi wa Pujini mfano tunao hapa hapa. Mchezo wa ng'ombe haujawahi kungoja tamasha. Ng'ombe ni wetu, ngoma zetu, waimbaji ni mama zetu, na watoto wanajifunza kwa kusimama pembeni. Kidumbak nacho ni hivyo hivyo: vingoma viwili, cherewa, fidla, na sanduku lenye uzi mmoja. Sanduku unalitengeneza mwenyewe, fidla ndio mtihani.

Kwa hiyo ukitaka kujua ufufuo huu utafika wapi, usihesabu watalii waliokaa mbele. Muulize mpiga fidla ana umri gani na nani anamfundisha. Na siku ya arusi yenu, kabla hamjakodi spika na flashi, ulizeni kwanza kikundi cha kidumbak kinataka shilingi ngapi.

Nyie mnaonaje? Huko kwenu nani bado anapiga fidla? Tupeni maoni.